Kuhusu Mlichi Ulionyimwa Maji na Mume Aliyepelekwa Sindo

Nyumbani kwa Mama Benta,
Karibu na Rongo.
18 Agosti 1966

Kwa Bwana Shamba wa Tarafa,

Nakuandikia kwa heshima yote niliyofundishwa shuleni hadi Kidato cha Nne, na kwa macho yaliyovimba. Mimi ni Leonida, mke wa Javan. Mwezi wa Juni ulipotufundisha kilimo cha milichi sokoni Rongo, niliketi mstari wa mbele. Mama aliyekuwa kando yangu akiitikia kwa kichwa kila ulipofungua kinywa ni mama mkwe wangu, Mama Benta.

Kwanza nikueleze ndoa yetu, maana bila hiyo hutauelewa mti. Mimi ni Mkuria wa Ntimaru, Javan ni Mjaluo, na tunapendana kwa Kiswahili. Wakati wa uchumba aliniletea tunda moja la mlichi ndani ya leso, kutoka maonyesho ya kilimo Kisumu. Nilimenya ganda jekundu lenye vipele, nikaona nyama nyeupe inayong'aa, nikala nusu, yeye nusu. Akaniambia kwao kuna mti mzima uliopandwa na marehemu baba yake, na kwamba miaka tisa haujazaa hata tunda moja kwa sababu ulikuwa unanisubiri mimi. Bwana Shamba, ni msichana gani angekataa?

Tulifunga ndoa Desemba. Tangu siku hiyo tuliunywesha ule mti asubuhi na jioni, tukitoka mtoni tumeshikana mikono, ndoo moja kichwani kwangu na nyingine kichwani kwake. Majirani waliacha majembe wakasimama kumtazama mwanamume aliyejitwika ndoo. Mti ukafurahi, ukatoa majani mengi, laini, mekundu kwanza kisha kijani. Ndipo ukaja wewe. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulisema mlichi unaonyweshwa kila siku hutoa majani tu na kusahau kuzaa, na kwamba kabla ya msimu wa maua uachwe na kiu wiki sita au saba. Nauliza kwa unyenyekevu: wewe umeoa? Na kama umeoa, mkeo alikuwepo uliposema maneno hayo?

2. Ulikataza samadi. Samadi ile ilikuwa zawadi yangu ya siku ya kuzaliwa. Madebe manne, kutoka boma la Mzee Wangwe, na Javan aliweka ua juu ya kila debe.

3. Hili ndilo limenivunja. Siku ya mkutano wako Mama Benta alitangulia njia nzima mpaka langoni. Hapo akautazama mti, akanitazama mimi tumboni, kisha akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa amenibebea mkoba. Akasema serikali imezungumza: katika boma hili kuna viwili vinavyomwagiliwa kupita kiasi, na vyote viwili vinatoa majani tu. Asubuhi yake alimfungia Javan mfuko wa nguo akamtuma Sindo, kwa mjomba wake Cephas, akasaidie kuvuta nyavu ziwani, na asirudi mpaka mlichi utoe ua. Nilipolia alinipapasa mgongoni akaniambia, nyamaza, nyar Ntimaru (ndivyo anavyoniita kwa Kijaluo, binti wa Ntimaru), mbona mti wenyewe haulii. Kila nikijitetea ananijibu kwa maneno yako, na ameyashika vizuri kuliko mimi niliyeyaandika kwenye daftari.

4. Kisu. Ulisema mti ukizidi kukataa, tawi lizungushiwe mkato na gome litolewe, pete nyembamba tu, mpaka mti mweupe uonekane. Ati chakula cha majani kikishindwa kushuka kitageuka maua! Nilifumba macho. Linganisha na mume wangu. Asubuhi ile ya kuondoka alitoa kisu chake kidogo akachonga JAVAN NA LEONIDA kwenye tawi la upande wa barabara, akilizunguka, mpaka herufi ya mwisho ikagusa ya kwanza. Gome lote lililokuwa kati ya herufi alilibandua, ili majina yetu yakae juu ya mti mweupe na yasifutike kamwe. Hivyo ndivyo mlichi unavyoguswa na mtu mwenye moyo, Bwana. Wewe unakata, yeye anaandika.

Tangu aondoke sijaweza kupita njia ya mtoni peke yangu. Mti haujapata tone wiki saba, mvua nayo imetunyima. Ukifa, umeuua wewe.

Kwa hiyo naomba uje kabla ya Jumapili, usimame mbele ya mlichi na Mama Benta akisikia, ufute maneno yako yote. Kisha utoe waraka wenye muhuri, kwamba kiwango halali cha maji kwa mlichi mmoja ni ndoo mbili kwa siku, zibebwe na watu wawili waliofunga ndoa kanisani, na kwamba hakuna sababu ya kilimo inayoweza kumpeleka mume Sindo.

Msalimie mkeo, na umpe pole. Msalimie karani wako, na yule mzee aliyeshika bango lako la picha akasinzia. Mama Benta naye anakusalimu, kwa furaha ambayo siipendi.

Ni mimi niliyedhulumiwa na ushauri wako,
Leonida, Mke wa Javan

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha Mama Benta aliponiita nje kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia. Tawi lenye majina yetu, kuanzia kwenye maandishi hadi nchani, limejaa vishada vya maua madogo, na nyuki wameshafika. Matawi mengine mawili hayana kitu. Mama mkwe aliizungushia kidole ile duara ya herufi mara mbili, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akanitazama tumboni akasema kimebaki kimoja, ila hicho hakitaki kiu wala kisu, kinamtaka Javan. Mwuza samaki amebeba ujumbe wa kumwita Javan, arudi Jumamosi.

Basi usije kufuta neno lolote. Ndoo nimezifunika mpaka uniambie maua yanaruhusiwa kunywa lini. Msimu ujao tutachonga tena. Tawi moja nimempa Mama Benta. Lililobaki, la upande wa jikoni, ni nene mno, jina fupi haliwezi kulizunguka. Tafadhali niandikie majina yako yote matatu.