Ombi la Baridi ya Kibumba

Kwa Mukubwa yeyote anayeshika Kibumba siku barua hii itakapofika,

Pokea heshima zangu. Jina nimeliacha wazi kwa sababu mwenzako niliyemwandikia mara ya mwisho alikimbia kabla barua haijamfikia. Mimi ni Barthélemy Havugimana, mukulima wa maua wa Kibumba, sasa mukimbizi hapa Ndosho. Siandiki juu ya vita, hayo ni ya wakubwa. Ninaandika juu ya gunia langu la vitunguu vya tulipe, vile vya kupanda maua, si vya mboga.

1. Kitunguu cha tulipe lazima kilale kwenye baridi wiki nyingi, ndipo shina lirefuke. Kwetu nilivilaza katika shimo la mawe ya volkano, baridi ya bure. Ulipofika wewe, au yule mwingine, nilibeba gunia, baridi nikaiacha.

2. Hapa nimeviweka katika frigo ya buvette ya Mama Léoncie. Wanywaji wanaifungua tangu asubuhi, na kuran ya umeme inakwenda inavyotaka. Nilipojaribu kuvipanda, ua lilitoka limeketi chini, shina kama kidole gumba.

3. Binti yetu Jolie anaolewa Majengo. Mutoto wa mukulima wa maua ashike ua la kidole gumba mbele ya padri? Wakwe watacheka mpaka ubatizo wa mujukuu. Hilo linaniuma kuliko bomu.

Kwa hiyo naomba gunia lipite bariere ya askari wako barabarani, lirudi shimoni. Mupigane tu, sikatazi, ila musiwashe moto karibu. Tena vitunguu vinataka mulinzi, ndiye mimi. Mulinzi anakula, kwa hiyo aje na mke wangu Julie. Julie hapiki katika jiko la mutu mwingine, kwa hiyo askari wako watoke nyumbani mwetu, na wafagie. Na nyumba bila majirani si nyumba, kwa hiyo Kibumba yote ifuate nyuma ya gunia. Ni ombi dogo.

Nisalimie askari wako wote, na wale wa upande wa pili ukiwaona.

Wako katika joto la Ndosho,
Barthélemy Havugimana

N.B. Julie amesoma barua hii akanicheka. Mama Nyiramahirwe, jirani yetu aliyetoka kule jana, amemwambia kwamba vitunguu tulivyovisahau shimoni vimechipua vyenyewe, mashina yanafika magotini, na askari wako wanaanika soksi juu yake. Kumbe havikutaka mulinzi, wala mke wa mulinzi. Basi gunia libaki kwa Mama Léoncie. Nimechoka, Mukubwa. Utupitishe sisi.