Vitu vya Bwana Kufuli

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Mkuu wa Vitu hapa studio ameacha kazi. Kapata mke mbali, kahamia huko. Namtakia heri, na chumba chake nakitaka mimi. Kina dirisha. Kina mlango unaofungika. Meza yangu iko mlangoni mwa choo, na kila anayetoka hunipungia mkono uliolowa. Miaka tisa sasa.

Watu wakiangalia filamu ya katuni husifu sura na sauti. Hakuna anayeuliza nani kachora kiti. Mimi ndiye huchora kiti. Na kikombe, na mwavuli, na kila kinachoshikwa, kukaliwa au kurushwa.

Asubuhi Mwongozaji wa filamu katuita. Filamu mpya ni fupi, ina mzee bahili, Bwana Kufuli, anayeishi peke yake. Ukuu utaamuliwa kwa chumba cha huyo mzee. Mimi nachora changu, Miwani anachora chake. Miwani ni binti wa meza inayotazamana na yangu. Ana shahada mbili za sanaa na hajawahi kushika msumeno. Mimi niliingia hapa kupaka rangi kuta. Kuta zenyewe bado zimesimama.

Mtihani ni ule wetu wa siku zote, chumba kitupu. Mchoro unabandikwa ukutani bila mtu ndani yake, na studio nzima inasema nani anaishi humo. Vitu visipomtaja mwenyewe, umeanguka.

Kazi nyepesi! Nimemwambia mke wangu aanze kufikiria pazia la ofisini. Kauliza kama pazia nitanunua mimi. Nimeingia kuoga.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Leo majaribio. Kiti changu: sentimita arobaini na tano kutoka sakafuni, mgongo umelala nyuzi mia na tano. Meza sabini na tano. Hakijawahi kuchorwa kiti sahihi zaidi katika katuni yoyote.

Mhasibu kasema hii ni zahanati. Mchora Mwendo, yule anayewafanya watu wa katuni watembee, kasema hapana, ni mahali pa kulipia bili ya maji. Dereva kasimama muda mrefu kuliko wote, kisha kasema hapa haishi mtu jamani, hapa watu wanasubiri kuitwa.

Mwongozaji kaniuliza, kaka, hiki kiti cha nani? Nikamwambia cha kukalia. Akasema sawa, lakini anakikalia nani? Nikamwambia yeyote mwenye kiuno. Akafumba macho. Kasema kiti cha bahili kiwe bahili hata bahili akiwa hayupo. Kasema niende nikamtazame bahili wa kweli, aliye hai, na vitu vyake. Mchoro wa mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo.

Miwani alicheka. Anadai alikuwa anakohoa. Kikohozi gani kinachoonyesha meno yote?

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Bahili wa kweli ninaye katika ukoo. Shemeji, kaka wa mke wangu. Huyu bwana aliniazima ngazi na sasa anaitaka! Miaka minne tu imepita.

Nimekwenda kwake na futi ya kupimia. Nimefika saa ya chakula, nisimpotezee muda mara mbili.

Nimekagua kila chumba. Makochi ya watu wanane, ilhali wao wako watatu. Mito laini. Vikombe vya wageni na visahani vyake. Bafuni, sabuni nzima, mpya, imekaa wazi, mgeni yeyote anaweza kuitumia. Nimeipima. Nimesikitika.

Shemeji kanilazimisha sahani ya pili. Nimekubali, kwa uchunguzi. Ya tatu pia. Kilichobaki mkewe kanifungia nikaja nacho.

Hitimisho: hakuna kitu. Mtu huyu anaficha ubahili wake kwa ustadi wa kutisha. Umechomoza mara moja tu, mlangoni, aliponiuliza tena habari za ngazi. Lakini ngazi haijazi chumba.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Zimebaki siku chache na karatasi yangu nyeupe. Nimeamua kuona anachochora Miwani. Si wizi. Ni kujua soko.

Nimemwaga maji chini ya meza yake. Maji, si chai. Nikapiga magoti na dekio, nikapangusa polepole, nikainua kichwa taratibu mpaka macho yakafika usawa wa mchoro.

Mungu wangu.

Donge la sabuni la rangi tatu, limefinyangwa kwa vipande vilivyobaki vya sabuni nyingine. Rimoti ndani ya mfuko wa nailoni, imekazwa kwa mpira. Tyubu ya dawa ya meno imepasuliwa kwa mkasi na kubanwa kwa kibanio cha nguo. Kikombe chenye mstari wa wino ndani, maziwa yasipande zaidi ya hapo. Kandambili mbili, ya bluu na ya kijani, zote za kushoto. Kopo la sukari limezungushiwa gamu ya karatasi, ule utepe unaonata, na juu ya gamu kuna sahihi, ili likifunguliwa ijulikane.

Vyangu! Vyote vyangu! Hata mstari wa maziwa uko palepale!

Nimebaki chini ya meza. Miwani kaniuliza kwa upole, kaka, mgongo umekamata? Nimemwambia ndiyo.

Nyumbani nimefanya upelelezi. Nimemuuliza mke wangu kama amemwambia mtu habari za nyumba yetu. Kasema yeye huona aibu hata mbele ya daktari wa meno, seuze studio nzima. Nikamgeukia mama mkwe, ambaye alikuja kututembelea mwaka juzi na bado yupo. Kasema, baba, nguvu ya kusema nitaitoa wapi, na chai yenyewe ya rangi ya mvua?

Jumatano, tarehe 12 Machi

Nimepeleka malalamiko kwa Mwongozaji. Wizi wa vitu sita, nimetaja kimoja kimoja na vipimo vyake. Nimedai chumba chenye dirisha kama fidia.

Miwani kaitwa. Hakukana hata kidogo! Kasema, lakini kaka, si wewe mwenyewe uliyenifundisha? Kila asubuhi ukinywa chai unanieleza. Wiki ya kwanza ya kazi ulinieleza sabuni. Ya pili, dawa ya meno. Kandambili ulizivua ukanipa nishike.

Ni kweli. Lakini nilikuwa namshauri binti wa watu namna ya kuishi. Sikuwa namkaribisha achore.

Mwongozaji kanishika bega. Kasema, kaka yangu, mimi nakupenda, tuliache hili. Nikasema sitaliacha. Kasema, nakuomba, tusifike mbele za watu. Nikasema ndiko nitakako, mbele za watu. Keshokutwa nitaleta vyenyewe. Kanitazama kwa macho ya huruma. Namjua mtu anayeogopa ukweli.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Siku yangu. Nimevibeba vyote ndani ya beseni, nikavifunika kwa taulo. Mke wangu kanisimamia mlangoni kama mtu anayeona jeneza likitoka. Kaniomba nimwachie angalau kandambili. Nimemwambia haki haigawanywi.

Mchoro wa Miwani ulikuwa umeshabandikwa. Chumba kitupu cha Bwana Kufuli. Mwongozaji akauliza studio nzima, kama desturi, nani anaishi humu? Watu thelathini wote wakageuka wakaniangalia mimi. Nikaona wameshaelewa kwamba nimeibiwa.

Nikasimama. Nikafunua beseni. Nikaweka donge la sabuni chini ya sabuni iliyochorwa. Rangi tatu kwa tatu. Rimoti kwa rimoti. Nikaivaa kandambili ya bluu na ile ya kijani, nikatembea kidogo ili waone. Kila kitu kililingana, asilimia mia. Mhasibu katoka nje, na ukuta wetu ni mwembamba, nikamsikia analia. Au kitu kama kulia.

Nimefika kwenye kopo la sukari. Sahihi yangu nzima juu ya gamu, haijaguswa. Nikaliinua juu ili wote waone. Jepesi. Nikaligeuza. Chini kumekatwa duara, na duara limezibwa kwa gamu ya karatasi, na juu ya gamu kuna sahihi ya mama mkwe. Nzuri kuliko yangu.

Tumeendelea.

Nikamwambia Mwongozaji, umeona? Vitu hivi ni vya nani? Akasema ni vyako, kaka, umethibitisha. Nikasema basi toa hukumu. Akasema hukumu ni kwamba hajawahi kuona chumba kitupu kinachomtaja mwenyewe namna hii, na Mkuu wa Vitu ni Miwani.

Wakapiga makofi!

Nikapinga palepale. Nikasema kuna kosa kubwa la kiufundi. Mtihani ulikuwa chumba cha bahili, na hivi si vitu vya bahili. Ni vitu vya mtu mwenye akili. Bwana Kufuli akiwa navyo, basi yeye si bahili hata chembe, ndiye shujaa wa filamu, na majirani wanaomwomba sukari ndio waovu. Filamu ibadilishwe. Dereva kakaa sakafuni, kashika mbavu.

Mwongozaji kajifuta macho muda mrefu. Kasema atanipa kazi mpya, Mshauri wa Mhusika. Mchora Mwendo anitazame nikifungua sukari, nikivaa kandambili, nikizima taa, ajifunze mwendo wa mzee.

Nimefikiria njia nzima kurudi nyumbani. Miwani anachora vitu. Mimi ndiye mwenye vitu. Nani mkubwa hapo?

Mama mkwe nimemuuliza kuhusu kopo. Kasema, baba, juu uliweka sahihi, nikaheshimu.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Ila chumba nimekikosa. Niseme tu, kwa kuwa humu hamna wa kunisikia. Asubuhi nimekaa mlangoni mwa choo na mikono miwili iliyolowa imenipungia, na sikuinua yangu.

Saa nne Miwani katoka chumbani kwake. Kasema, kaka, chumba ni kikubwa, peke yangu nasikia baridi, njoo tukae wote. Akashika meza yangu upande mmoja. Nimeona anatetemeka, hana misuli, nikashika upande wa pili.

Sasa niko dirishani. Upande wake unapata jua zaidi, nimepima. Nimechora mstari wa chaki katikati ya kioo ili tusije kukosana. Kausoma mstari, kasema, vizuri kaka. Kisha kachukua daftari lake la michoro, kaanza kuchora dirisha. Nimemkaripia. Kakohoa tena.

Jumatano, tarehe 21 Mei

Jana tumeonyeshwa filamu, studio nzima na familia zetu. Nimekaa kati ya mke wangu na mama mkwe.

Bwana Kufuli ana mwendo mzuri. Ana hekima. Kila alipotokea watu walicheka, na nimehesabu, mara tatu walicheka kwa haki, kumi na tisa kwa kutoelewa. Aliposimama peke yake kuzima taa ya mwisho na kukaa gizani ili aipumzishe balbu, mimi nilitokwa na machozi. Mke wangu naye alitokwa, ila alikuwa ameteleza kutoka kwenye kiti. Mama mkwe alipiga makofi akipaza sauti, huyo huyo, mwanangu, ndiye huyo!

Mwishoni mzee anafungua mlango na kuwagawia majirani vitu vyake vyote. Uandishi mbovu. Hakuna mtu wa namna hiyo. Nimemwambia Mwongozaji.

Leo katangaza filamu inayofuata. Mfalme mkarimu, aliyependwa na nchi nzima kwa kutoa kwake. Ikulu nzima inataka vitu. Nimeinua mkono kabla hajamaliza. Miwani kaniuliza, kaka, safari hii utakwenda kumchunguza nani? Nimemwambia, dada yangu, tusipotezeane muda. Mkarimu kuliko wote ninaowajua namwona kila asubuhi kwenye kioo.

Nimeshaanza. Meza ya karamu, mita kumi na mbili, kiti kimoja. Wageni wakila wamesimama hawavimbiwi, na huwahi kwao. Mfalme anawapenda kweli.