Mgonjwa wa Meza ya Saba

Jumatatu, 4 Machi
Nimekasirika tangu asubuhi. Mhadhiri ametangaza mtihani wa vitendo Jumatatu ijayo. Kila mwanafunzi wa mwaka wa pili atapewa mtu wa kujitolea, amhoji, ampime, aandike anaumwa nini. Anayefeli anarudia mwaka. Mimi nimeshaurudia mara moja. Ukumbi mzima kimya, isipokuwa Kimbelembele, yule binti wa kiti cha mbele. Kanyoosha mkono kuuliza kama tunaruhusiwa kumpima mgonjwa presha mikono yote miwili. Nani alimuuliza?

Juu ya hayo, tulete daftari lenye vipimo kumi vya presha. Wanafunzi tisini, mashine mbili, moja inavuja hewa.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata njia. Kitivo bado kinatafuta watu wa kujitolea. Ndugu hapimwi na ndugu yake, kwa hiyo Shangazi, mshonaji ninayeishi kwake, nimemwandikisha kwa jina la jirani. Karani nimembembeleza amweke meza ya saba, yaani yangu. Kakubali bila kuinua macho. Shangazi atasema anaumwa mawe ya nyongo. Ndio ugonjwa pekee ninaoujua vizuri.

Alhamisi, 7 Machi
Mazoezi na Shangazi. Anakariri dalili huku anakanyaga cherehani. Maumivu chini ya mbavu za kulia, sawa. Kichefuchefu akila mafuta, sawa. Halafu anaongeza kwamba kisogo kinamgonga na sindano anaiona mbili mbili. Nikamwambia hayo hayamo, ataniharibia.

"Lakini mwanangu, hayo ndiyo ninayo kweli."

Nikamjibu kwamba mtihani hauhitaji ya kweli, unahitaji yanayoendana. Akaendelea kushona. Watu wazima wabishi sana.

Daftari nimelimaliza kwa dakika nne. Presha ya Shangazi, 120 kwa 80. Mara kumi.

Jumatatu, 11 Machi
Nitaandika yote, hata yanayoniaibisha.

Mhadhiri aliingia akasema anachanganya meza, haki itendeke. Haki gani? Shangazi akaangukia kwa Kimbelembele. Mimi nikaletewa mzee mmoja, dereva mstaafu. Nilikuwa nimejiandaa kwa nyongo, na nyongo nikaandika. Msimamizi akamwomba mzee ainue shati. Kovu refu. Nyongo yake ilishatolewa miaka kumi na moja iliyopita.

"Ungeniuliza tu, kijana wangu, ningekuambia," mzee akasema. Kwa huruma. Huruma ndiyo iliyonichoma zaidi.

Kule meza ya tatu Shangazi alikuwa anamwaga dalili zangu zote, neno kwa neno, kwa mtu asiyestahili. Kimbelembele akamwacha amalize, kisha akamuuliza kama lipo jingine linalomsumbua. Shangazi akataja kisogo. Akataja sindano. Presha, 210 kwa 125. Akapima mkono wa pili, akamwita mhadhiri. Kiti cha magurudumu kikaletwa mbio.

Nikajikuta nimesimama, naita "Shangazi" mbele ya kila mtu. Hapo jina la jirani likaisha kazi. Mhadhiri akafungua daftari langu, akasoma mistari kumi, akauliza nilichopima ni mtu au ukuta.

Jumatano, 13 Machi
Wodini. Daktari anasema angechelewa siku chache tu angeweza kupooza. Shangazi alikuwa amelala. Nikamshika kifundo cha mkono, nikahesabu mapigo dakika nzima bila kubuni. Themanini na nane. Nikahesabu tena. Nilikuwa naogopa kuuachia ule mkono.

Kisha akaingia Kimbelembele na machungwa. Shangazi akaamka, akamwita mwanangu. Mwanangu ni nani hapa? Akamwambia atamshonea koti la maabara. Mimi langu halina kifungo hata kimoja tangu mwaka jana. Nimeondoka bila kuaga.

Ijumaa, 22 Machi
Shangazi yuko nyumbani, anameza vidonge vyake kwa saa. Majibu yametoka. Nimefeli. Kimbelembele ameongoza darasa, tena kwa mgonjwa wangu.

Mhadhiri alitaka kunipeleka kamati ya nidhamu. Shangazi alimfuata ofisini akamwambia kwamba bila mimi kumpeleka pale, asingepimwa. Basi wamenipa mtihani wa marudio mwezi ujao, mbele ya wasimamizi wawili. Wawili! Kama mwizi.

Leo nimekaa nikajichunguza kwa moyo mweupe. Kosa langu nimeliona: nilileta mgonjwa mmoja. Wanaorudia ni wachache, meza zitakuwa sita tu. Nimeshazungumza na Mjomba, mkewe, binamu zangu watatu na fundi bomba wa mtaani. Wote wana pumu. Mhadhiri achanganye meza mpaka achoke.