Jina Lako Limenitoa Chumbani

Kinango,
10 Machi 1965

Kwako Baba, Mzee Tembo, Msambweni.

Mzazi wangu, shikamoo. Hii ni yako wewe mkubwa. Ya yule mdogo nimekwisha kuitoa asubuhi, kwa amri ya mama.

Baada ya salamu, naleta malalamiko. Mjukuu wako tulimpa jina lako kama ilivyo desturi yetu, nami nilikubali kwa moyo mweupe, nikidhani jina ni la kumwitia mtu chakula tu. Sikujua kuwa ndani yake mna mamlaka. Mimi nilianza na spana moja na kopo la gundi. Leo baiskeli za Kinango nzima zinapita mikononi mwangu, na nyumba nimeiezeka mabati. Lakini chini ya mabati hayo natawaliwa na mtu asiye na jino hata moja. Sikiliza:

1. Mama alikuja kutusaidia siku arobaini za uzazi. Huu ni mwezi wa tano. Nikimwuliza atarudi lini kwako, hujibu, "Niende wapi, na mume wangu yuko hapa?" Huku amempakata mtoto. Wageni hucheka. Mimi pia nilicheka, mara ya kwanza na ya pili.

2. Kwa kuwa mtoto ni mumewe, mke wangu Kahaso sasa anaitwa mavyaa, nami ni baba mkwe. Na baba mkwe, mama anasema, haingii chumba anacholala mkwewe. Mkwewe analala chumbani kwangu, maana ndiko aliko mumewe. Basi mimi nalala karakanani, baina ya fremu na matairi. Nikimlalamikia Kahaso, ananiambia, "Vumilia, mjukuu wangu," kwa hoja kwamba aliyemzaa babangu ni nyanya yangu.

3. Siwezi kumkanya mtoto. Juzi alinimwagia uji kwenye shati la kwendea barazani kwa chifu. Nilipopaza sauti, dada yangu Kache, tunayekaa naye, aliruka: "We Mwinga! Unamfokea babako?" Nikamwomba mtoto radhi. Aliipokea kwa kucheua.

4. Hili ndilo kubwa. Jirani yetu Mzee Rai, mliyenuniana naye miaka sita kwa ajili ya mpaka wa shamba lako la hapa, alikuja na kuku mzima, akaketi mbele ya mtoto, akamwambia, "Tembo, tumegombana vya kutosha. Mpaka upite kwenye mkwaju, au vipi?" Mtoto akacheka. Mzee Rai akainuka, akaita mashahidi wawili, akawaambia umekubali. Nilipopinga, mashahidi waliniuliza tangu lini watoto huingilia maneno ya wazee. Sasa mkwaju uko kwake, na choo chetu pia.

Baba, nchi nzima imejitawala, nami naomba sehemu yangu. Piga hesabu mwenyewe: nyumbani tuko watu watano, na kwa cheo mimi ni wa tano. Naomba uje kwa basi la Jumamosi, na mbele ya mashahidi wale wale ulichukue jina lako, pamoja na mkeo, urudi navyo Msambweni. Mtoto nitampa jina langu mwenyewe, ambalo mpaka leo halijamsumbua mtu. La sivyo nitalipeleka shauri kwa chifu, ingawa naye alipopita hapa alimsalimu mtoto kabla yangu.

Nisalimie wote hapo, na wenzako wa shamba la miwa, hata wasionijua.

Mimi niliye mwanao bado, kwa kadiri ninavyofahamu,
Mwinga wa Tembo,
Fundi baiskeli.

N.B. Barua ilikuwa tayari, inangoja basi. Mchana huu mtoto alishikwa na homa. Akakataa kunyonya, akakataa kijiko, akamkataa mama na Kache. Nikamchukua mimi, nikaenda naye nyuma ya nyumba, pasipo mtu wa kunisikia, nikamwambia, "Baba, kunywa kidogo tu. Baba, usiniache." Akanywa. Sasa anatoka jasho, amelala kifuani kwangu, nami naandika kwa mkono mmoja. Karatasi nyingine sina, kwa hiyo naituma hivyo hivyo. Njoo Jumamosi umwone, lakini jina uliache lilipo. Na Kahaso akikuuliza nilikuandikia nini, mwambie nilikusalimu.