Jumapili ya Ukutani

Jumatatu, 3 Agosti

Shemeji amekuja kula jioni. Kama kawaida. Tangu nimzike mke wangu, kaka yake huyu hajakosa mezani pangu. Yeye analeta mkate, mimi nakaanga mayai, na kabla hajaondoka ananipa kisa kimoja cha utoto wa marehemu. Leo: siku alipojificha ndani ya gunia tupu, usingizi ukampitia, nyumba nzima ikamtafuta hadi giza. Shemeji ndiye mtu pekee aliyebaki duniani anayemwita Kifaranga. Hicho kisa nakisubiri kuliko chakula.

Sasa balaa. Shemeji ni diwani wetu na anatetea kiti. Kura ni Jumamosi. Akishindwa, anasema, atahamia kwa mwanawe, safari ya kutwa nzima kwa basi. Eti hana cha kumweka hapa. Aliyasema hayo huku anakula mayai yangu!

Kwa hiyo lazima ashinde. Naye leo kaniambia atakiri mbele ya wapiga kura kwamba alikosea kuhusu daraja. Ni daraja la miguu, juu ya mfereji mkubwa. Aliliidhinisha kwa kutazama ramani, hakwenda kutazama kwa macho. Likajengwa imara, likapendeza, likaishia usoni pa ukuta wa ghala la saruji. Watu wa ng'ambo wakivuka hufika ukutani, hugeuka ubavu, hutambaa kama kaa hadi barabarani.

Nilimwambia mgombea hakiri kosa wakati wa kampeni. Kabla ya kampeni, sawa. Baada ya kampeni, sawa. Katikati, hapana. Alikunja leso yake, akaikunjua.

Lakini mimi ni fundi wa kuandika mabango. Ukuta huo huo unaowaudhi ndio unaotazamwa kuliko ukuta wowote mjini. Nimeuandika leo mchana, herufi nyeusi, kila moja ndefu kuliko mimi. KAZI INAONEKANA. Chini yake, siku ya kura. Mtu akifika mwisho wa daraja hana pengine pa kutazama. Akili!

Jumanne, 4 Agosti

Mkutano mdogo mbele ya karakana za maseremala. Shemeji kang'ang'ania kukiri kitu, chochote. Nikakubali kwa sharti kosa nichague mimi. Nilimchagulia zuri: anawapenda wananchi kupita kiasi, hadi anaisahau afya yake. Alilisema kama anameza kidonge bila maji.

Mama mmoja muuza mkaa, ambaye hupitisha magunia yake kwenye daraja lile kila siku, akapaza sauti: basi tupende kidogo, baba, utuwekee daraja mahali pake! Seremala mmoja alicheka hadi akaweka randa chini.

Mpinzani wetu ni Mama Dawa, mwenye duka la dawa. Mpiga debe wake tunamwita Kipaza, maana anazunguka na spika juu ya pikipiki. Kufikia alasiri alikuwa anatangaza kwamba Mama Dawa hapendi kupita kiasi, yeye anapenda kwa vipimo, asubuhi kimoja na jioni kimoja, baada ya chakula. Nilicheka. Kisha nikakumbuka niko upande gani.

Jumatano, 5 Agosti

Binti yangu anafua mashuka hospitali, ng'ambo. Alipitia kwangu akitoka kazini, akauliza kama uchaguzi umesogezwa. Nikamwuliza usogezwe na nani. Akasema ukuta unasema Jumapili. Nikacheka. Nikavaa viatu, nikaenda kutazama.

Jumapili. Mistari imenyooka, nafasi sawasawa, kazi safi kabisa. Jumapili!

Mke wangu alikuwa na desturi ya kusimama chini ya ngazi na kunisomea kila bango kwa sauti kabla rangi haijakauka. Aliniokoa siku nilipomwandikia muuza majeneza KARIBU TENA. Tangu aondoke najisomea mwenyewe. Ukijisomea mwenyewe unasoma ulichokusudia.

Binti akasema nimwambie mjomba wake leo leo, atangaze, yaishe. Watu wa ng'ambo wanatoka alfajiri na kurudi giza, alisema, wanachosoma ni ukuta, na wengine wameshaomba ruhusa ya Jumapili kazini. Na ng'ambo ndiko kwenye kura zetu. Nikamwambia nitamwambia.

Nikapaka chokaa. Neno likapotea kabisa. Ushindi!

Jioni shemeji alileta kisa cha Kifaranga akimfundisha jogoo kuhesabu. Sikusema kitu. Mtu hakatizi kisa kama hicho.

Alhamisi, 6 Agosti

Chokaa imekauka, Jumapili imerudi. Chokaa haizuii rangi ya mafuta. Hilo nimekuwa nikiwafundisha wengine maisha yangu yote. Sasa neno limekaa peke yake katikati ya weupe, linaonekana kuliko KAZI.

Shemeji ameliona. Akaniuliza taratibu: shemeji, hii imekuwaje? Mdomo wangu ukasema ni Kipaza. Eti wafuasi wa Mama Dawa wamepita wakabadilisha. Niliushangaa mdomo wangu. Shemeji akaenda moja kwa moja hadi duka la dawa na kulalamika mbele ya wateja. Kipaza akaapa kwa mama yake mzazi. Mama mzazi alikuwa pale pale kwenye foleni, naye akaapa kwamba mwanawe hajanyoosha herufi hata moja tangu darasa la kwanza. Foleni nzima ikakubali. Shemeji akaomba radhi papo hapo. Kampeni iko ukingoni, na mtu anaomba radhi dukani kwa mpinzani! Mama Dawa akampa kiti na maji ya kunywa.

Akarudi, akaniagiza nirekebishe ukuta. Nilipanda ngazi na brashi. Nikafikiri. Kufuta ni kukiri. Ndipo wazo likanijia: nikaongeza maneno mawili tu mbele, KABLA YA. Kabla ya Jumapili! Sasa hakuna kosa, ilikuwa kazi ambayo haijaisha. Nafasi ilikuwa ndogo, kwa hiyo nimeyaandika madogo. Ukisimama karibu yanasomeka vizuri.

Ijumaa, 7 Agosti

Mkutano wa mwisho, uwanja wa shule. Hotuba niliyomwandikia shemeji aliikalia. Aliposimama ilibaki kwenye kiti.

Akasema daraja ni kosa lake. Si la mchora ramani, si la mkandarasi. Alitia saini akiwa amekaa ofisini. Akasema dada yake alimwuliza mapema, kaka, umekwenda kutazama? Akamjibu ana haraka. Akasema kila akiliona daraja anamsikia.

Kisa hicho sikuwahi kukisikia. Kilikuwa changu, cha jioni moja, naye kakitoa kwa uwanja mzima!

Nilifumba macho. Kisha muuza mkaa akauliza, haya, sasa tunafanyaje? Shemeji akasema ameshazungumza na mwenye ghala, kona ya ukuta itavunjwa ipate njia, ashinde asishinde. Wakapiga makofi. Hayakuwa ya kelele, yalikuwa ya watu waliochoka wanaopiga makofi kwa sababu wanataka. Muuza mkaa akasema huyu atampa kura, maana leo ndiyo kwanza yeye na wao wanazungumzia daraja lile lile.

Lakini wa ng'ambo wengi walikuwa bado makazini. Watu walipotawanyika shemeji akaniuliza, spika ikiwa bado mkononi, kama ukuta uko sawa au kuna jambo la kuwapitishia watu wa ng'ambo jioni hii. Angezunguka mwenyewe kwa miguu, alisema. Neno moja tu lingetosha.

Nikasema ukuta uko sawa.

Jumamosi, 8 Agosti

Kura. Foleni ya upande wetu ilipinda hadi nje ya geti. Ya ng'ambo, karani alikuwa anapiga miayo.

Mama Dawa kashinda. Kwa watu ambao wangetosha kwenye mabenchi matatu. Shemeji alimpa mkono na kumtakia heri. Kipaza alilia kuliko wote, wa huku na wa kule. Nadhani ni uchovu.

Jumapili, 9 Agosti

Walikuja. Nguo zimepigwa pasi, vitambulisho mkononi, hadi kwenye geti lililofungwa. Mlinzi mmoja wa zamu ya usiku alikuwa hajalala. Mwingine kamleta mama yake kwa mkokoteni, kamtandikia na mto.

Shemeji alifika, akasimama getini, akamwomba radhi kila mmoja peke yake. Kosa langu, alisema, ukuta ni wa kampeni yangu. Mama wa mkokoteni akamwambia asijali, angalau ametembezwa. Mimi nilikuwa nyuma ya kibanda cha mlinzi. Nilikuwa na shughuli huko.

Jioni alikuja na begi. Hakula. Akasema basi ni la kesho asubuhi. Akasema hana kinyongo na kura, kura zinakwenda na kurudi. Ila hawezi kula kila jioni meza moja na mtu anayemficha neno. Kama ninalo niliseme, naye atafungua begi sasa hivi na mayai atakula.

Binti alikuwa pale, ananitazama. Neno lilikuwa tayari, limefika kwenye meno. Nikafungua kinywa, nikaanza kueleza kuhusu chokaa. Kwamba ya siku hizi ni nyepesi mno, si kama ya zamani. Nilieleza kwa kirefu. Shemeji alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu, kama anavyosikiliza kila mtu. Kisha akainuka.

Leo hakuna kisa.

Jumatatu, 10 Agosti

Basi limeondoka. Binti kaenda kumsindikiza. Mimi nilikuwa na kazi. Sikuwa na kazi.

Nilikaanga mayai mengi mno.

Shemeji alipiga simu njiani, basi liliposimama abiria wanyooshe miguu. Akaniuliza nimeamkaje. Nikasema salama. Kisha akasubiri. Nilisikia muuza maji akipita dirishani kwake, akarudi tena, na shemeji bado anasubiri. Ndipo nikamwambia kwamba nimelifikiria jambo lote kwa utulivu na nimegundua. Ni kiwanda cha rangi. Rangi gani inakataa kufunikwa? Nimewaandikia barua ndefu, nawataka wakiri kosa lao hadharani, kiungwana, bila kuzungukazunguka.

Kisha akasema haya, shemeji, jitunze. Dereva akapiga honi.

Barua nimeipeleka posta mwenyewe. Hawatajibu, nawajua. Watu wa siku hizi, kusema tu nimekosea ni kama unawang'oa jino. Inachosha sana kuishi nao.