Picha ya Kampeni na Jicho la Kushoto

Jumatatu, 18 Oktoba 2004. Masakta.
Nimeamua. Nagombea uenyekiti wa kijiji. Mpinzani wangu Gidamis anajivunia ng'ombe wake themanini. Mimi nitajivunia familia. Mpango: picha ya baba, mama na mtoto mmoja msafi, kila nyumba. Leo tumeshuka Katesh, studio ya Bashiri. Mke wangu Rogathe kalalamika kwamba shamba halijalimwa. Hana jicho la siasa. Hilaria, miaka sita, kajigonga mlangoni upande wa kushoto, kama kawaida yake. Nikamwambia atazame anakokwenda. Akasema anatazama. Mtoto mbishi.

Jumatatu, 25 Oktoba.
Picha zimerudi kutoka kusafishwa Arusha. Balaa! Mimi nimetoka kama mbunge. Lakini Hilaria: jicho la kulia sawa, la kushoto jeupe, linang'aa kama la paka. Nani atampigia kura baba wa paka? Nimemtaka Bashiri arudie.

Jumatatu, 1 Novemba.
Jeupe tena. Lile lile. Nimemwambia Bashiri kamera yake imekufa. Kajibu kwa upole kwamba kamera iliyokufa haichagui jicho. Kapiga picha watoto wengi wiki hizi na hakuna mwingine aliyetoka hivyo. Kanishauri nimpeleke mtoto hospitali upesi. Nimeelewa. Gidamis kamnunua. Nimelipaka jicho kalamu nyeusi kwenye picha zote. Limependeza.

Alhamisi, 4 Novemba.
Juzi Rogathe alinikuta na kalamu. Hakugomba, ndicho kilichonitisha. Alimwita Hilaria, akamziba jicho la kulia kwa kiganja, akamwonyesha kikombe na kumuuliza ni nini. Hilaria akasema anaona mwanga tu. Milango yote ile, chai yote iliyomwagika nje ya kikombe, na mimi namwita mzembe.

Jana akampeleka hospitali. Wamesema ni mtoto wa jicho. Nikamweleza kwamba haiwezekani, huo ni ugonjwa wa wazee, jina tu ndilo la kitoto. Marehemu bibi yangu aliupata akiwa hana hata jino. Rogathe kasema daktari ameeleza: hata watoto huupata, apelekwe Moshi kupasuliwa mapema, maana jicho lisipotumika utotoni ubongo hulisahau kabisa. Nikaomba wasubiri kura zipite. Mgombea asiye na familia jukwaani ni nusu mgombea. Leo alfajiri wameondoka.

Jumatatu, 29 Novemba.
Gidamis kura 312. Mimi 41. Mzee mmoja aliniuliza kwa nini nimempaka mwanangu masizi. Habari kutoka Moshi: amepasuliwa, anaendelea vizuri. Nimelia kidogo nyuma ya zizi. Majirani wamedhani ni kwa ajili ya kura, wakanipa pole.

Jumamosi, 11 Desemba.
Wamerudi juzi. Hilaria ana miwani, anafanana na mwalimu. Rogathe kanieleza maagizo mara tatu: kila siku, asubuhi hadi mchana, jicho zima, la kulia, lizibwe kwa plasta, ili lile lililopasuliwa lilazimike kufanya kazi na kujifunza kuona. Hata akilia. Ikiachwa, upasuaji umekuwa wa bure. Nimesikiliza kwa makini.

Leo Rogathe kaenda mashine ya kusaga. Hilaria, jicho zima limezibwa, kapapasa ukuta, kajikwaa kwenye ndoo, kakaa chini akalia. Imeniuma sana. Nikawaza kama mkulima. Nani amewahi kumfungua maksai mwenye nguvu na kumwacha dhaifu avute plau peke yake? Madaktari wa mjini hawajawahi kulima. Nimebandua plasta nikaihamishia kushoto, jicho gonjwa lipumzike. Mtoto kanyamaza hapo hapo. Kakimbia hadi kwenye zizi na kurudi bila kujikwaa hata mara moja. Tumekubaliana mama asijue. Akitoka tunahamisha, akirudi tunarudisha. Kila siku, mpaka apone.

Nimemuuliza kama ananiona. Amesema ananiona vizuri sana.