Kuhusu Kufutwa kwa Vitendakazi Saidizi na Hatima ya Shemeji Yangu

Ndugu Wasimamizi wa Kiunzi,

Nawaandikia kwa heshima, ile iliyobaki. Mimi ni msanidi tovuti niliyejifunza kazi peke yangu kwa kompyuta ya kuazima. Leo nina ofisi yenye wafanyakazi wawili: mimi, na shemeji, kaka wa mke wangu.

Katika toleo jipya la kiunzi chenu (framework) cha JavaScript, lugha ya kuandikia tovuti, mmefuta vitendakazi saidizi kumi na viwili, vile vipande vidogo vya programu tunavyoviita vitufanyie kazi ndogondogo, mkidai havihitajiki kwa kuwa siku hizi JavaScript yenyewe inazifanya kazi hizo. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kile cha kuondoa nafasi tupu kwenye jina kilikuwa kinalipokea jina, kinalikabidhi kwa JavaScript, kinarudisha jibu. Mnasema hakifanyi lolote. Kupokea na kukabidhi si kazi? Basi nusu ya maofisi ya dunia yafungwe kesho.

2. Juu yake tuliweka kitendakazi chetu, kinachokiita chenu, kinachoiita JavaScript. Mmeng'oa cha katikati. Sasa fomu ya miadi ya mteja wetu, daktari wa meno, haifunguki, naye hunipigia kwa sauti ya mtu anayeumwa jino mwenyewe.

3. Shemeji amevihifadhi vyote kumi na viwili kichwani, na kazi yake ni kuhakikisha nimevitumia. Mkivifuta, mmemfuta yeye.

4. Nilipomgusia mke wangu kwamba kazi ya kaka yake imepungua, aliendelea kukunja nguo, akasema, "Ukimwondoa kaka, ujue na pa kulala." Kutaja tu kumenitosha: tangu jana nalala sebuleni.

5. Kwa hesabu yenu, kila anayesimama kati ya mwenye shida na mwenye jibu afutwe: karani, wakala wa nyumba, naibu wa naibu mkurugenzi. Nani atabaki kutuambia turudi kesho?

Hivyo naomba mvirudishe vyote, na mwongeze cha kumi na tatu, cha kuangalia kama vingine vipo.

Nisalimieni wote hapo, hasa aliyebonyeza kitufe cha kufuta. Mwambieni simchukii, ila mgongo wangu unamkumbuka.

Wenu katika ujenzi wa tovuti,
Mwenye Ofisi

N.B. Nilimpa shemeji aisome barua kabla sijaituma. Kumbe asubuhi hii ameshavifuta vyote kwenye tovuti zetu, vyenu na vyetu, akaacha JavaScript ifanye yenyewe. Fomu ya daktari inafunguka haraka kuliko zamani. Nimekagua mara mbili, sina cha kusahihisha, kwa hiyo msirudishe kitu. Ila ameniuliza, tena kwa upole, "Sasa shemeji, wewe hapa ofisini unafanya nini hasa?"